Miaka 7 stoo ya kambi, kazi ikaisha Februari 2025, sa hivi natunza mawese ya watu Simbo. Uzi kwa tuliopunguzwa kazi Kigoma

Mleta uzi

Wakuu habari za jioni. Juzi kuna ndugu yetu wa Kibondo alileta habari yake ya kupunguzwa kazi, majibu karibu yote yakawa pole, Mungu atafungua mlango. Pole ni nzuri ila mimi kipindi changu nilikuwa natafuta mtu aniambie amefanyaje siku ya pili, ya kumi, ya mia, sikumpata. Kwa hiyo naandika yangu yote, ni ndefu, mnivumilie.

Nilikuwa stoo kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwenye shirika moja, jina halina haja. Wenyeji mnaijua kambi ile, ipo pale Kasulu tangu 1996 walipokuja Wakongo, 2015 Warundi nao wakaingia, na vijana wengi wa huku riziki yetu ilikuwa inatoka hapo, dereva, mlinzi, mwalimu, mtu wa maji, mtu wa stoo. 2021 kambi ya Mtendeli ya Kakonko ilipofungwa niliona wenzangu wanarudi nyumbani na mabegi nikawapa pole, nikarudi kazini kwangu, wala haikunijia kwamba na mimi niwe na mpango. Nilijiambia Nyarugusu kubwa, haiwezi kuguswa.

Tarehe 20 Januari 2025 Trump kaapishwa, siku hiyohiyo akasaini misaada ya nje isimame siku 90, tarehe 24 zikatoka amri za kusimamisha kazi kwa miradi iliyokuwa inaendeshwa na hela za USAID, shirika la misaada la Marekani. Sisi huku tunasikia redioni tunadhani ni mambo ya Marekani na Marekani. Februari tukaitwa ukumbini, watu kama arobaini, tukasomewa majina. Nilikabidhi funguo za stoo mbili, leja, mashine ya kupimia unyevu wa nafaka na koti la kazi. Kitambulisho walisahau kukichukua, nikaondoka nacho shingoni mpaka stendi ya Kasulu, nikashtuka kondakta ananiita bosi.

Nikarudi Ujiji kwa mama na mke na watoto wawili, kodi ya Kasulu nisingeiweza.

Sasa hapa ndo nataka mnisikilize. Miezi miwili ya mwanzo niliipoteza kwa kutafuta cheo kilekile. Kila tangazo lenye neno stoo natuma barua, Dar, Mwanza, Dodoma, nilituma kama arobaini hivi, zilizojibiwa mbili na zote zilikuwa za kusema nafasi imejaa. Kumbe kila mtu wa stoo wa kila kambi na kila mradi wa afya nchi nzima alikuwa anatuma kwenye matangazo hayohayo, maana tulitoka wote kwa wakati mmoja. Huo si uzembe wa mtu, mkoa mzima ulikuwa na watu wenye karatasi zinazofanana wakigombea milango ileile.

Mwezi wa tatu tangu kazi iishe nikaona niingie kwenye biashara, na nikaingia kwa kuiga. Kigoma ukisema biashara mtu anakwambia dagaa, basi nikaenda mwalo wa Kibirizi na laki tisa. Nikanunua, nikaanika mchangani kama nilivyowaona wengine, masika hiyo, ikanyesha siku tatu mfululizo. Wenye uzoefu walikuwa na chanja na maturubai, wanajua wingu la upande wa Kongo likikaa vile unakusanya mapema, mimi sijui kitu. Dagaa wakalainika, wakatoa harufu, nikawauza kwa mtu wa chakula cha kuku. Ilirudi laki mbili na kitu. Na tarehe 15 Mei ziwa likafungwa mpaka 15 Agosti kama walivyofanya 2024, samaki wapumzike wazaliane, kwa hiyo hata ningekuwa na mtaji mwingine pale pa kwenda hapakuwepo.

Siku zile nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri kwa mazoea, navaa, nakaa kibarazani. Mama yangu hakusema neno. Asubuhi moja akakaa karibu na mimi na sinia la mchele anachambua, akaniuliza, "Mwanangu, kule kambini ulikuwa unafanya nini hasa?" Nikamwambia nilikuwa ofisa wa stoo. Akasema hilo ni jina, anauliza mikono yangu ilikuwa inafanya nini. Nikakosa jibu la haraka wakuu. Miaka 7.

Nikachukua daftari la mtoto, nikaandika siku moja ya kazi kuanzia asubuhi. Napokea lori, nahesabu, nalinganisha na karatasi ya dereva. Nachomoa sampuli. Napanga mzigo juu ya vitanda vya mbao usiguse sakafu wala ukuta. Kilichoingia kwanza kinatoka kwanza. Naandika tarehe kwenye kila kitu. Nakagua panya, nakagua bati linalovuja. Nahesabu jioni, daftari na mzigo visipolingana silali. Zilikuja kurasa tatu. Kwenye zile kurasa hakukuwa na neno shirika hata moja, wala kambi. Zilikuwa kazi ambazo mtu yeyote mwenye mzigo unaoweza kuharibika anazihitaji.

Nitaendelea, naenda kumchukua mtoto.

Jibu #2

Mkuu nimesoma machozi yamejaa, endelea. Mimi pia barua za kazi nilizituma mpaka nikaacha kuzihesabu.

Mleta uzi

Nimerudi.

Juni nikaenda Simbo kwenye msiba wa upande wa mama. Simbo ni michikichi kila unapogeuka. Baada ya matanga nikakaa siku mbili kwa mama mdogo, yeye na wenzake wana kikundi cha kukamua mawese, kina mama kumi na moja, wana kinu chao na mapipa ya kuchemshia. Nyuma ya nyumba nikakuta madumu ya lita 20 kama thelathini yamepangwa juani, mengine yamelala, mengine hayana mfuniko wake yamezibwa na nailoni.

Nikauliza haya ni ya lini. Mmoja anasema ya wiki jana, mwingine anasema hapana yale ya mwisho pale ni ya mwezi wa nne. Hakuna anayejua kwa hakika. Wakasema mnunuzi wa Mwanza alikuja akafungua dumu la kwanza akanusa, akakuta maji chini, akaondoka bila kufungua la pili. Wakaishia kumuuzia dalali kwa bei anayotaka yeye.

Wakuu, kambini nilitunza mafuta ya kula. Maelfu ya makopo kwa mwezi. Najua jua linayafanyaje mafuta, najua kopo la zamani likijificha nyuma ya jipya linakuja kukuaibisha. Nilisimama pale nikaona zile kurasa tatu za daftari zimelala juani mbele yangu.

Sikuwaambia mimi ni mtaalamu. Nilimwomba mama mdogo anifundishe kwanza kukamua, kwa sababu nilikuwa nimejifunza kwenye dagaa kwamba kuijua stoo siyo kuujua mzigo. Nikakaa wiki tatu. Nikabeba mikungu, nikachoma kuni, nikachambua chikichi. Kina mama wale wengi wao wameishia darasa la saba, wengine hawakufika, na walinifundisha vitu ambavyo semina zote nilizokaa sijavisikia. Kwamba mikungu ikikaa siku nyingi chini kabla ya kuchemshwa, chikichi zikapondeka, mafuta yanatoka makali kooni hata uyatunze vipi. Kwamba chikichi zisipoiva vizuri kwenye pipa hazitoi. Kwamba mise, zile kokwa za chikichi, usitupe, zinapasuliwa, zina mafuta yake na wapika sabuni wanayatafuta. Kuna bibi mmoja pale anajua kwa kusikiliza tu mlio wa pipa kama maji yamebaki.

Ndo nikawaomba nijaribu madumu kumi tu. Nikayaacha mafuta yatulie usiku kucha, nikayamimina taratibu nikaacha mashapo chini, nikayarudisha motoni mpaka yakaacha kutatarika, yakapoa, yakaingia kwenye madumu yaliyooshwa na kukaushwa kabisa. Nikaandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito, namba ya dumu, na jina la aliyekamua. Tukapiga chanja ya mbao ndani ya chumba chenye kivuli. Na kadi ya stoo nikaitundika kwa msumari mlangoni, kinachoingia, kinachotoka, kilichobaki.

Lile jina kwenye dumu ndo lilileta maneno. Wawili walikataa, wanasema unataka kutuanika. Nikawaelewa, maana kambini nako dereva haipendi karatasi yenye jina lake. Tukakubaliana jina liwe la kikundi na namba niijue mimi na mwenye mafuta.

Agosti yule mnunuzi wa Mwanza akarudi. Akafungua dumu la kwanza, akafungua la pili, la tatu akachagua mwenyewe la nyuma kabisa. Akafunga. Akasema anachukua yote, na bei ilikuwa juu ya ya dalali. Jioni ile kina mama walikaa wakaamua kwamba kwa kila dumu linalopita mikononi mwangu nina changu. Mama mdogo ndo aliyelisema, mimi sikuomba.

Sa hivi natunza kwa vikundi vitatu, Simbo viwili na kimoja upande wa Mahembe. Kipato changu hakijafika nusu ya mshahara wa kambini, nawaambia ukweli msije mkadhani nimetajirika. Lakini kinaingia, na hakuna ofisi ya Washington inayoweza kukifunga kwa saini. Hiyo USAID yenyewe ilifungwa rasmi 1 Julai 2025, mimi siku hiyo nilikuwa nasafisha madumu.

Jibu #3

Kaka hongera ila niseme ukweli, wewe ulikuwa na mama mwenye nyumba Ujiji na mama mdogo mwenye kinu. Mimi nina watoto watatu, nimepanga, sina shamba wala ndugu mwenye shamba. Hizo wiki tatu za kujifunza bila kulipwa watoto wanakula nini?

Mleta uzi

Dada uko sahihi na sitaki kulipitia hilo haraka. Bila nyumba ya mama ningekuwa hadithi nyingine. Tulikula kwa vitu viwili. Mke wangu alianza kukaanga mihogo pale Mwanga sokoni, huyo ndo aliyetubeba na ningekuwa mwongo nisipomtaja. Cha pili ni lile fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Wengi niliotoka nao hawakulifuata, wamesikia fao la kujitoa limefutwa wakadhani hakuna kitu. Mimi nilichokipata kilikuwa theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Uwe umechangia angalau miezi 18, na uwe umeachishwa, siyo umeacha mwenyewe. Usiache barua yako ya kuachishwa kazi ipotee, hiyo ndo inayoombwa.

Jibu #4

Naongezea kwenye hilo maana nimesaidia watu kadhaa hapa Kasulu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema hivi. Kwa wa mshahara wa mwezi notisi isipungue siku 28 au alipwe badala yake. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usizidi miaka 10, kwa aliyefanya kazi mfululizo kuanzia miezi 12. Likizo ambayo hukwenda inalipwa. Cheti cha utumishi ni haki yako, siyo fadhila. Na kama unaona umeachishwa isivyo halali una siku 30 tu kupeleka shauri CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, watu wanakaa miezi mitatu wanasubiri kuitwa tena halafu wanakuja wanalia mlangoni, muda umeshapita inabidi kwanza uombe kuongezewa na lazima uwe na sababu ya maana. Msisaini karatasi ya kwamba mmemaliza madai yote kabla hamjaisoma, hata kama mmeambiwa gari inasubiri nje.

Mleta uzi

Asante sana mkuu, hilo la kusaini tulifanya wengi siku ile ukumbini. Hatukusoma.

Jibu #5

Natokea Tabora. Mimi nilikuwa mteuzi wa tumbaku miaka 11, kampuni ikapunguza ununuzi tukaachwa. Kazi ya uteuzi ni jicho na pua na vidole, unashika jani unajua limetoka sehemu gani ya mche, limekaushwaje, lina unyevu kiasi gani. Nilidhani hiyo haina kazi nyingine duniani. Mwaka wa pili ndo nikaanza kununua asali Sikonge, na kitu kilichonibeba ni vidole vilevile. Unajua warina wengi bado wanatumia mizinga ya magome na moshi mwingi, asali inanuka moshi, au wanakata masega ambayo nyuki hawajayaziba, hiyo ina maji mengi. Maji yakizidi asilimia 20 inachacha kwenye ndoo. Nilinunua kile kidude cha kupimia maji cha mkononi, tone moja tu unaangalia kwenye mwanga. Lakini kabla ya kukinunua nilikuwa naitambua kwa kuichota na kuiacha idondoke, ile nzito inajikunja inapotua. Mleta uzi umeniandikia maisha yangu.

Mleta uzi

Kaka wa Tabora nimesoma mara mbili hilo la asali kujikunja inapotua. Hapo ndo kuna jambo zima. Kazi iliyoingia kwenye vidole haiwezi kukusanywa na ofisi siku ya kukabidhi funguo.

Jibu #6

Mimi nilikuwa mwalimu shule binafsi, ikapunguza walimu. Shida yangu siyo kazi wala hela, ni watu. Kila nikipita mtu anauliza "madam siku hizi uko wapi?" Nimeanza kushona, mashine ninayo, lakini nashonea ndani, sijaweka kibao. Uliwezaje kubeba mikungu mbele ya watu waliokuwa wanakuita bosi?

Mleta uzi

Dada yangu mwanzo sikuweza. Simbo nilikubali kubeba kwa sababu hakuna aliyenijua. Mahembe kuna mlinzi tuliyekuwa naye kambini, siku ameniona na dumu kichwani nilitaka kuliweka chini. Akanipokea, akalibeba yeye mpaka kwenye gari, njiani ananiuliza kama kuna nafasi ya mtu wa pili. Tupo naye sasa. Sidhani watu wanatuwaza kwa kiasi tunachodhani, na wale wanaouliza wengi wao wanauliza kwa sababu wana mtoto au mdogo wao ambaye naye yuko nyumbani wanatafuta njia. Weka kibao. Hata cha karatasi. Na wewe unajua ratiba za shule, unajua sare zinatafutwa lini, unajua mzazi anataka sketi yenye pindo la kushushwa mtoto akirefuka. Fundi wa kawaida hakijui hicho kama wewe.

Jibu #6

La pindo sikuwa nimeliwaza. Asante kaka.

Jibu #7

Kwa nini usipande michikichi yako? TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo, wana miche ya tenera, ganda jembamba nyama nyingi, siyo hii ya kienyeji ya dura.

Mleta uzi

Nimepanda miche ishirini kwenye kipande cha mama, ya hukohuko Kihinga. Lakini mchikichi mpaka uanze kuzaa ni miaka kama mitatu, na mtu aliyepoteza kazi leo hawezi kungoja. Kwa hiyo napanda na naendelea na madumu. Na kuhusu hatua zingine kwa wanaouliza inbox, jina la biashara nimesajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, mwenyewe kwa simu, TIN, namba ya mlipakodi, ni bure usimlipe mtu, na SIDO, wale wa viwanda vidogo, pale mjini waliniandikia barua ya kunitambulisha TBS, shirika la viwango, hilo bado nipo katikati yake.

Jibu #8

Mkuu swali dogo la mwisho, mimi nanunua mawese ya nyumbani tu, nitajuaje dumu lina maji kabla sijalipa?

Mleta uzi

Usipime mafuta ya juu. Maji yanakaa chini, ukionjeshwa ya juu utadanganyika. Chukua mrija mrefu au kijiti cha bua kilicho wazi ndani, ziba juu kwa kidole gumba, shusha mpaka chini ya dumu, achia kidole, ziba tena, vuta. Kile kilichopanda weka kwenye kijiko cha chuma, shikilia juu ya moto wa mkaa. Kikitulia na kuanza kutoa moshi bila kelele, lipa. Kikitatarika na kurusha matone, mwambie muuzaji kwa upole ayarudishe motoni, na umsubiri, usiondoke kama yule wa Mwanza. Mama mmoja Simbo ameniambia mnunuzi akisubiri, yeye na muuzaji wanajifunza wote wawili kwa dumu lilelile.

Ijumaa nakwenda Mahembe kupiga chanja mpya, mbao zimeshafika. Nikirudi naweka picha ya vipimo, mwenye chumba chenye kivuli atengeneze kama hiyo.